Siku Mama Mdogo Alipoingia Ziwani na Cherehani

Mama mdogo aliingia ziwani akiwa na cherehani ya mkono kichwani. Maji yalimfika kifuani. Alisema anakwenda kisiwani Ukerewe kuwashonea watu wote nguo za Uhuru, na meli ilikuwa inamchelewesha.

Nililikumbuka hilo juzi, nilipopita mtaa wa Mirongo na kukuta nyumba ya bibi imekuwa stoo ya saruji. Ungeijua nyumba ile, rafiki yangu, ilivyokuwa ikinukia vitumbua na dagaa wa kukaanga! Mwaka ule wa Uhuru mtaa mzima ulikuwa haulali. Kila ua uliimba. Ndiyo maana hatukuuona ugonjwa ukianza. Mama mdogo alipoacha kulala, akakata mapazia, mashuka, hata kanzu ya babu, akashona bendera hadi vidole vikachubuka, watu walimpigia vigelegele.

"Huyu ndiye mwenye Uhuru wake!" walisema.

Mimi nililala chumba kimoja naye. Niliyaona macho yake, yakiwaka bila kunitazama, nikajifunika shuka gubigubi.

Wavuvi walipomtoa majini, jirani alileta kamba ya katani. "Mfungeni, mama. Kesho ataondoka na mtoto," alisema akininyooshea kidole.

"Kamba ni ya mbuzi," bibi alijibu. Akafunga pindo la kanga yake kwenye pindo la kanga ya mama mdogo, wakawa wanakwenda pamoja: bombani, jikoni, hata chooni.

"Mama, umenioa?" mama mdogo alicheka.

"Nimekuoa. Na talaka sitoi."

Kisha kicheko kikakatika. Hakuinuka tena mkekani, uji ukapoa kando yake, na ukimya ule uliniogopesha kuliko ziwa. Bibi alimwogesha, akamsuka, akamsimulia habari za sokoni kana kwamba anajibiwa. Polepole mama mdogo akarudi, siku moja akaomba sindano.

Leo ugonjwa huo, wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, unajulikana na una dawa. Wakati ule tulikuwa na bibi tu, na bibi akafa. Mama mdogo alipoanza tena kukesha akishona, mjomba aliamua kumpeleka kwa treni hospitali ya mbali. Nilimng'ang'ania mkono dirishani.

"Usilie," aliniambia, "nitakuletea kitambaa cha maua."

Mjomba alisinzia njiani. Alipoamka kiti kilikuwa kitupu, na mpaka leo hatujui alishukia stesheni gani.