Swali la Kila Nati

Siku ile ya stesheni ya Munisagara bado ninayo kichwani, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomdanganya mtu huku naamini nasema kweli. Nilikuwa kijana wa reli, mwezi wa pili kazini, na mama yangu alikuwa njiani kutoka Dodoma kwa treni ya mchana. Hatukuwa tumeonana tangu nilipoajiriwa. Nilitaka anikute stesheni nimeoga, nimevaa shati jeupe, aone kwamba mwanawe amekuwa mtu.

Kazi yetu ilikuwa kukagua njia. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, anatembea na nyundo ndogo na spana. Reli hushikwa na nati kwenye kila taruma, yale mavyuma yanayolala chini yake, na kila nati ulitakiwa uigonge. Ikilia kwa sauti kali, imekaza, unapita. Ikitoa sauti nzito, kama sufuria yenye ugali ndani, imelegea. Unasimama, unakaza, unagonga tena, na huondoki hapo mpaka ilie vizuri. Ndivyo alivyonifundisha Mzee Salehe, mnyapara wetu. Mimi niliona ni kazi ambayo hata mbuzi angeiweza, ilimradi apewe nyundo.

Basi siku hiyo nilitembea upesi. Niligonga zote, sikuruka hata moja, na hilo naliapia mpaka leo. Ila mkono ulikuwa kwenye nati na masikio yalikuwa stesheni. Nilipofika mwisho wa kipande changu nikasimama, nikatega sikio, nikaigonga nati ya mwisho. Ikalia ngaa! Nikageuka, nikarudi mbio kwa mnyapara.

"Shikamoo, mzee. Njia ni nzima."

"Marahaba. Nzima yote?"

"Yote, mzee. Nimegonga zote."

Mzee Salehe hakuwa mtu wa kelele. Alitazama jua, akanitazama na mimi nilivyokuwa nahema. "Sijakuuliza umegonga ngapi," akasema. "Zilizokujibu ni ngapi?"

Kwa kweli nilikuwa nimeisikia moja tu.

Akachukua bendera nyekundu, tukarudi wote wawili. Safari hii aligonga yeye, nikasikiliza mimi. Pale kwenye kona iliyo juu ya mto Mkondoa, katikati kabisa ya kipande changu, nati tatu zilizofuatana zikatoa sauti ya sufuria. Mzee akanipa spana, akaenda mbele, upande treni inakotokea, akaichomeka bendera katikati ya njia. Spana iliniponyoka mara mbili. Pengine treni ingepita tu. Sijui, na siku ile sikutaka kujua, maana mama alikuwa ndani yake.

Treni ikaja, ikasimama mbele ya bendera, ikasubiri. Tulipomaliza ikapita polepole, na mama alikuwa dirishani. Akaniona nimejaa grisi mpaka kwenye nyusi, akapiga kigelegele. "Huyo mwanangu! Mwoneni yuko kazini!" Abiria wakanipungia mikono. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mama alifariki miaka mingi baadaye bila mimi kumweleza kwa nini treni yake ilisimamishwa.

Hadithi hii nilikuwa nimeizika. Imefukuliwa mwaka huu hapa Mikumi, barazani kwa binti yangu, ambaye mwanawe Neema yuko kidato cha tatu na anajifunza kuandika programu. Mimi kompyuta siijui, lakini nikiona kitu kinafanya kazi lazima niulize kinafanyaje, hata wakinichoka. Juzi nilimkuta Neema ameikunjia uso kompyuta yake.

"Babu, mashine hii mwongo," akasema. "Nimeipa vipimo vya kina cha mto vya siku nzima, isome kimoja kimoja, ikikuta maji yamepita alama iseme hatari. Cha adhuhuri kimepita kabisa. Yenyewe inasema salama."

"Vyote inavisoma?"

"Vyote. Hiki ni kitanzi, babu. Kinairudisha, inachukua kingine, mpaka vipimo viishe."

"Na lile swali la alama inauliza wapi?"

"Hapa chini."

"Yaani ikishamaliza kutembea?"

Neema akaisogelea skrini. Nami nikacheka mpaka chai ikanimwagikia, kwa maana mashine ilikuwa imegonga vipimo vyote na kusikiliza cha mwisho peke yake, cha jioni, maji yakiwa yameshapungua. Nikamsimulia habari za Munisagara, zote, pamoja na zile ambazo mama hakuzisikia. Akabonyeza mahali, mistari ya swali ikasogea kulia upana wa kidole, ikawa ndani ya kitanzi. Kisha akaiendesha tena, nasi tukasoma wote kwa sauti: Salama. Salama. Hatari. Salama.

Nikamwomba airudie, halafu airudie tena. Neno lile lililotokea katikati lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

"Hivi yenyewe haichoki?" nikamwuliza.

"Haichoki, babu. Wala haina mama stesheni."

Amesema kweli, lakini anayeiandikia anaye. Ndiyo maana nakuusia wewe unayeanza kazi hii ya kuandika programu, mwanangu. Kurudia peke yake ni miguu tu. Ukitaka kujua kila kitu kilivyo, swali lako liingize ndani ya safari, liulizwe kwa kila kimoja, na kila jibu liwe na la kufanya: hiki pita, hiki simama ukaze. Usilisubirishe mpaka mwisho, kwa kuwa cha mwisho hakiwezi kuvisemea vya katikati. Na programu ikikwambia salama, usiishie kufurahi. Tia kimoja kibovu katikati, kwa makusudi, uone kama itakiona.

Mungu akujalie masikio yanayotembea pamoja na mkono wako. Na wote uwapendao, wale watakaopita kwenye kona yako bila kujua kama ulikagua au hukukagua, awapitishe salama, wakuone kutoka dirishani, na kigelegele watakachokupigia kiwe cha haki yako.