Mguu wa Jiwe wa Mama

Baba alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni kwetu Tabaka, na hakuweza kuona kinundu kwenye jiwe akakiacha. Sahani, vikombe, sanamu za viboko, vyote alivipiga msasa kwa maji mpaka vikateleza, maana wafanyabiashara hawakununua kitu chenye vinundu.

Mama naye alikuwa na nundu kwenye mguu wa kulia, pale kidole gumba kinapoanzia. Kidole chenyewe kilikuwa kimeinamia wenzake. Kwa miaka mingi aliikanda nundu kwa maji ya moto na chumvi akidhani ni uvimbe. Siku moja alikwenda zahanati, nesi akamweleza kwamba ni mfupa uliohama mahali pake, haurudishwi kwa kukandwa. Mara nyingi huwa jambo la ukoo, na kiatu chembamba huuzidisha.

Mama alirudi amenuna. Harusi yangu ilikuwa imekaribia, miaka ya sabini ndiyo kwanza inaanza, na viatu vyeusi vya ngozi alivyonunua Kisii mjini vilimbana mpaka akatokwa na machozi. Kuingia kanisani na akala za tairi mbele ya wakwe zangu hakutaka kabisa. Alisema heri abaki jikoni. Nililia sana. Harusi gani hiyo bila mama?

Baba akasema hilo ni jambo dogo. Angechonga mguu wa mama kwa jiwe, ngozi ya kiatu iloweshwe, jiwe likae ndani mpaka kiatu kipanuke. Akampima kwa kamba, akachonga, akapiga msasa. Mguu ukatoka mzuri ajabu, hata majirani wakaja kuutazama. Ulikaa ndani ya kiatu siku kadhaa. Mama alipokivaa, kilimbana vilevile.

Tukauangalia ule mguu vizuri. Nundu haikuwepo. Baba alikuwa ameisugua yote bila kujijua.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama aliugeuzageuza mkononi.

"Mzee, huu ni wa yule msichana uliyemuoa," alimwambia. "Sasa nichongee wa huyu uliyezeeka naye."

Baba akachonga mwingine, na safari hii alinipa mimi msasa niuweke mbali. Siku ya harusi mama aliingia kanisani kichwa juu, kiatu kimoja kimetuna ubavuni, na ngoma ilipoanza nje hakukaa chini. Nilifurahi kuliko bwana harusi.

Baadaye mfanyabiashara mmoja aliyekuja kuchukua sahani aliitaka ile miguu yote miwili. Baba alimuuzia ule laini. Ule wa nundu alikataa kuuuza.