Vita vya Mwalimu Kurbanali

Mume wangu Kurbanali alifundisha historia Tanga miaka kumi na tisa. Hapa Toronto alilinda maegesho ya magari mpaka akastaafu. Sasa mwanafunzi wake ni mmoja tu, mjukuu wetu Hawra, anayekuja kwetu Crescent Town kila Jumapili na kazi zake za shule. Anaulizwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiingereza. Tumeshazoea.

Jumapili moja swali lilikuwa: kwa nini Warumi na Wakarthago walianza kupigana?

"Kwa sababu ya mji mdogo, Messana," akasema Kurbanali. "Askari wa kukodiwa waliuteka. Walipobanwa na jirani, wakawaita Wakarthago. Wakarthago wakaja, wakaweka kikosi ndani, hawaondoki. Askari walewale wakawaita Warumi waje wawatoe. Basi! Miaka ishirini na mitatu ya vita."

Nikaacha kukata vitunguu. "Mwalimu wee, si ndiyo wewe na Noordin huko Brampton?"

Noordin ni mdogo wake. Dada yao Naheed alipanga chumba cha chini Brampton, mwenye nyumba akataka kumtoa. Akamwita Noordin. Noordin akaja na godoro lake, akakaa wiki tatu, anaamrisha mpaka chumvi ya mchuzi. Naheed akachoka, akampigia Kurbanali aje amtoe. Wakatukanana mlangoni, watu wazima na mvi zao! Naheed akapatana na mwenye nyumba mwezi uleule. Lakini Kurbanali na Noordin, mwaka wa sita huo, walikuwa hawasemezani.

Kurbanali akamfungulia Hawra ukurasa mwingine.

Wiki ileile Noordin alikuwa anakwenda ziara ya dini Karbala. Kwetu, msafiri wa ziara huomba radhi kwa kila mtu kabla ya kuondoka. Zamani ulipita mlango kwa mlango; siku hizi ni ujumbe mmoja wa simu, wote wanatumiwa. Nasi tukaupata: nisameheni niliyowakosea.

"Mjibu," nikamwambia. "Neno moja tu."

"Huu ametuma kwa watu mia mbili. Mimi ni kaka yake. Atanipigia."

"Kichwa kigumu wewe!" Nilikasirika kwelikweli. Akakaa kwenye kochi na simu yake mchana kutwa. Haikulia.

Siku ya nane ya safari Noordin akaanguka hotelini, akafa. Walimzika hukohuko.

Mkewe Dolat, aliyesafiri naye, aliporudi tulikwenda kumpa pole. Macho yake makavu. "Shemeji," akamwambia Kurbanali, "pale uwanja wa ndege alishika simu mpaka tukaitwa kupanda. Alisema, kaka akijibu tu, nampigia."

"Haya," akasema Kurbanali. Akamalizia chai yake.

Hakulia pale, wala mimi sikulia. Tukaaga, tukavaa viatu, tukaingia kwenye lifti.

"Masoomah," akaniambia mlango ulipojifunga, "mimi nilishamsamehe zamani. Nilitaka tu anipigie."

Nikabonyeza kitufe cha chini.