Nilikiri Dhambi Nisiyoifanya, Vipele vya Mwanangu Vikapona

Msomaji huyu anaishi Buguruni. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.

Bwana Mhariri, mie ni mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, mke wa dobi, mama wa mtoto mmoja wa kiume anayekaribia miaka miwili. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo barua hii naiandika kwa mkono wangu. Naomba wasomaji wanisome mpaka mwisho kabla ya kunihukumu, maana wa kunihukumu nimekwisha kuwapata wa kutosha.

Baada ya Idi mwanangu alitoka vipele. Vilianzia shingoni kwa nyuma, vikatokea na kiunoni, juu kidogo ya matako. Vyekundu, vinatoa maji, mtoto anajikuna mpaka damu. Nikambeba mgongoni kwa miguu mpaka hospitali, tukakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Daktari Mzungu alimtupia jicho huku anaandika habari za mtu mwingine, akasema neno moja, na dresa wake, yule msaidizi anayefunga vidonda, akanifasiria: "Uchafu. Mwogeshe mtoto kwa sabuni."

Mke wa dobi ndiye anayeambiwa sabuni. Kwetu sabuni haikosekani hata siku unga umekosekana, na viganja vyangu vimechunika kwa sabuni za watu. Nilitaka nimwonyeshe, lakini dresa alikwisha kumwita mwingine.

Mara ya pili walisema ni joto. Mara ya tatu dresa akampaka dawa ya zambarau. Nikamuuliza, "Bwana, mbona vipo mahali pawili tu, pale pale kila siku?" Akanijibu, "Mama, kwani daktari ni wewe?" Shati la mtoto lilikuwa mezani kwake, dresa kalivua kwa mkono wake mwenyewe. Naomba mlikumbuke shati hilo.

Nyumbani mama mkwe alikuwa na jibu lake. "Mtoto huyu amebemendwa." Wasio wa pwani niwaeleze: maana yake nimetoka na mwanamume wa nje, nikarudi kumshika mtoto na janaba yangu, ndiyo maana anaugua. "Hospitali haitibu uzinzi," akasema, mbele ya jirani aliyekuja kuomba moto. Mume wangu aliendelea kupiga pasi. Pasi ile iliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Akaletwa bibi wa dawa. Naye akasema dawa yake haishiki mpaka mama akiri na amtaje mwanamume. Siku tatu nilikataa. Siku ya nne mtoto akapata homa, shingo imevimba hata kugeuka hawezi, nikasema potelea mbali. Nikakiri. Nikabuni mwanamume, nikampa kazi ya reli, nikamhamishia Tabora, asije mtoto wa watu akapigwa bure. Bibi akamwogesha mwanangu kwa majani ya mwarobaini, akaamuru nguo zake zote za zamani ziwekwe kando, avishwe kaniki mpya siku saba.

Mtoto akapona. Siku ya saba shingo ilikuwa safi. Mama mkwe akapiga vigelegele, na mume wangu akahamishia mkeka wake barazani.

Nilipokuwa nazikunja zile nguo za zamani ndipo nilipoona. Mume wangu hutia alama nguo za wateja kwa utomvu wa ganda la korosho, kwa sababu wino wa dukani hutoka nguo zikichemshwa. Baada ya Idi kaptula ya mtoto ilipotelea kwenye furushi la mteja, basi akaanza kuzitia alama na za mwanangu: shati ndani ya kola, kaptula kiunoni kwa nyuma. Nani kwetu hajui utomvu wa korosho unavyobabua? Tumekua tukibabuka midomo. Lakini tulidhani ukikauka kwenye nguo umekwisha. Nami nimezipiga pasi nguo zile wiki nzima nzima nisione. Hilo sijisamehe.

Nikaifunga ile kola mkononi mwangu. Siku ya pili vipele vikatoka, vile vile. Nikamkimbilia mume wangu kwa furaha, mjinga mie. Akautazama mkono, akasema, "Naona na wewe dhambi yako imeanza kukutoka." Akanionyesha viganja vyake. "Miaka kumi nashika utomvu huu. Mbona mimi sina hata kipele?" Mama yake akadakia kutoka uani, "Kama ni shati, mvishe tuone."

Nikarudi hospitali kumwomba yule dresa aniandikie karatasi ya ushahidi. Akamgeuza mtoto, akaona ngozi safi, akacheka. "Kapona. Sasa unataka nini tena?"

Mwezi ukiandama, wazee wa pande zote mbili watakaa. Talaka inakuja, naijua, na talaka peke yake ningeimeza. Lakini wamekwisha kusema mtoto halelewi na mzinzi, atabaki kwa bibi yake. Huko huko baba yake atazitia alama nguo zake kama kawaida, na siku vipele vitakaporudi watasema nimewaachia laana.

Shati ninalo, nimelificha chini ya godoro. Nikimvisha siku mbili kabla ya kikao, wazee wataona kwa macho yao na pengine nitabaki na mwanangu. Lakini nitakuwa nimembabua kwa mkono wangu mwenyewe, nikijua. Nisipomvisha, ngozi yake itakuwa safi na atalala kwa mtu mwingine.

Jana mtoto alilichomoa mwenyewe. Analipenda, lina vifungo vyekundu. Akanijia nalo, akainua mikono yote miwili nimvishe.

Nyie wenye watoto, nishaurini. Nimvishe?