Uso wa Mama Mkwe kwa Nyuzi Tano

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi nadarizi, tena nasifika hapa Magomeni, Kilosa. Mwezi uliopita nikaamua kumdarizia mama mkwe wangu, anayeishi Mikumi, picha ya uso wake ya kutundika ukutani. Nikapakua programu ya simu inayogeuza picha kuwa miraba midogo yenye namba, kila namba na rangi yake.

Ikaniuliza nina nyuzi za rangi gani. Nikajaza nilizonazo: nyeusi, nyeupe, njano, kijani na zambarau. Kahawia sikuwa nayo. Duka linaloiuza liko hatua chache tu kutoka kwangu, lakini udadisi ulinishika: bila kahawia, simu itaupata vipi uso wa mama?

Ikajibu bila kusita. Chini ya macho, zambarau. Mashavuni, njano na kijani kidogo. Nikajiambia, hii lazima itakuwa inajua kitu nisichokijua. Nikafuata namba wiki tatu, pua karibu iguse kitambaa, wala sikukitazama kwa mbali hata mara moja.

Jumapili nikafika Mikumi, nikakuta sebule imejaa wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nikakifunua kitambaa mbele ya wageni wote. Mama mkwe akarudi nyuma hatua mbili, akajishika shavu. Jirani yake akasogea, akauliza: "Shoga, siku ya picha hii nani alikupiga?"

Watu wote wakamgeukia baba mkwe. Baba mkwe akanigeukia mimi.