Soksi za Harusi ya Dada

Mpaka leo, nikisikia harufu ya nazi iliyokunwa sasa hivi, hucheka peke yangu, kisha humwombea dada yangu Mwanaisha. Ngojeni niwaambieni kwa nini.

Ilikuwa harusi yake, kwetu Msambweni, miaka ya hamsini, nami nina miaka saba na kiherehere cha watu kumi. Wanawake wetu walikuwa na vya ndani vyao: shumizi za lesi zilizoshonwa kwa mkono, magagulo, na shanga za kiuno ambazo mtoto hakuthubutu hata kuuliza zina kazi gani. Lakini mchumba wa dada, karani wa kiwanda cha sukari cha Ramisi, alileta kitu kipya kutoka Mombasa: soksi ndefu za nailoni, nyepesi kama ganda la kitunguu, zenye mshono uliopanda nyuma ya mguu, kama za wanawake wa Kizungu waliokuja Diani. Zingevaliwa chini ya buibui, azione bwana harusi peke yake. Bi Mwanakombo, somo aliyekuwa akimfunda dada mambo ya ndoa, alizitundika chumbani juu ya chetezo, zifukizwe udi.

Asubuhi ya harusi mama alinituma kifumbu, kile kifuko kirefu cha kusukwa cha kukamulia tui. Nilikitafuta jikoni kote nisikione. Chumbani nikaona kitu kirefu, wazi juu, kimezibwa chini, tena laini. Nikajiona nina akili nyingi. Nikakitia nazi, nikakamua kwa nguvu zangu zote. Tui lilitoka safi ajabu, linanukia udi.

Mama aliponiona alishika kichwa, akaisuuza upesi na kuirudisha chumbani kwa dada. Soksi ilikuwa imechanika toka goti hadi kisigino, na mawifi wa dada walikuwa wamekwisha kupiga hodi, wamekuja kutazama sanduku la bibi harusi. Nilijificha nyuma ya dada. Niliamini nimeivunja ndoa yake.

Wifi mkubwa aliiinua ile soksi. "Na hii imekuwaje?"

"Nisamehe, wifi yangu," dada akasema, macho chini. "Niliijaribu mwenyewe. Sikuweza kungoja."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mimi nikapumua, nikakimbilia kucheza.

Nilipofundwa mimi mwenyewe, miaka mingi baadaye, ndipo nilipojua alichokitoa siku ile. Mwari wa kwetu alisifiwa kwa haya zake, na dada alizitupa mbele ya ukwe mzima ili mimi nisichapwe. Tangu hapo mawifi wakamwita Bi Haraka, mbele ya mumewe, mbele ya watoto, hata mbele ya wajukuu. Hakuninyooshea kidole hata mara moja.

Uzeeni walipomtania tena, nilifungua mdomo niseme ukweli. Akanifinya paja.

"Nyamaza, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Usininyang'anye jina langu."

Nikanyamaza. Sasa hayupo, Mungu amrehemu, na nawaambieni ninyi: ni mimi niliyeichana.