Nesi Loveth na Mkono Uliobaki

Mimi naziba sufuria. Natembea kutoka Mikumi hadi Kilosa na vijiji vya relini, na shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nitakayosema juu ya kazi ya unesi ni yale niliyoyaona nikiwa kitandani. Nililazwa kwa kidonda cha mguu katika kituo kimoja cha afya upande wa Kilosa, na aliyekuwa akinifunga kidonda ni Loveth.

Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mjukuu wa mkata mkonge. Anatembea upesi na hacheki ovyo. Mfukoni ana daftari la chuoni, pembe zimelika. Yaliyomo aliyaita nadharia. Nikamuuliza nadharia ni nini.

"Ni mawazo ya watu, babu, waliokaa wakafikiri mgonjwa ni nani kabla ya kumchoma sindano."

Mkubwa wake, Sista Teresia, alikuwa mlangoni. "Hao wafikiri walikuwa na vitanda vingapi? Hapa kumi na vinne, manesi wawili. Mwenye nadharia aje zamu yangu, nimpe ndoo."

Loveth akatabasamu kidogo, akaendelea na bandeji.

Kitanda cha jirani yangu alilala Mzee Ditram wa Munisagara. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia. Mkewe alikwisha kufa, na mwanawe, Zabron, yuko Dodoma kwenye ujenzi. Aliyemuuguza ni Irine, mke wa Zabron. Kila asubuhi alipiga goti mbali kidogo na kitanda, "Shikamoo baba," "Marahaba mwanangu," akaweka uji, akatoka kukaa nje. Heshima ya mkwe na mkwe kila mtu anaijua. Uji ulibaki vile vile.

Siku nne mzee hakula. Maji aliyagusa kwa midomo tu. Sista Teresia akaandika amekataa chakula, akamtundikia dripu. Sisi wodini tukasema huyu amekata tamaa. Loveth ndiye aliyevuta kiti.

"Babu, uji mbaya?"

"Uji mzuri."

"Sasa?"

Mzee akasema polepole, kwa maana mdomo nao ulikuwa umepinda. "Nikila nitaenda haja. Nikienda haja nani atanisafisha? Mke wa mwanangu?"

"Nipo mimi."

"Utakuja nami Munisagara?"

Loveth akatia mkono mfukoni. Akafungua daftari. Baadaye alinionyesha ukurasa wenyewe, una maswali matatu: mgonjwa anaweza nini mwenyewe, anaweza nini akisaidiwa, na hawezi nini kabisa. Nadharia hiyo inasema nesi asimfanyie mtu analoliweza. Ajazie pale palipopungua.

"Mkono wa kushoto una nguvu," akamwambia. "Utajisafisha mwenyewe."

"Na kula?"

"Huo huo."

Mzee akageukia ukuta. "Mkono wa chooni niutie kwenye chakula? Bora nife na njaa, nife msafi."

Kesho yake Loveth alikuja na glovu ya kuvaa chooni. Akavaa, akavua, akamwonyesha mkono mtupu: huu wa kula. Lakini kuvaa glovu kwa mkono huo huo mmoja si mchezo. Walijaribu siku tisa, mzee akiivuta kwa meno na kuivua kwa kuibana magotini. Jamaa mmoja wa kitanda cha mwisho akapiga kelele, "Daktari Ditram! Nami nipasue basi!"

"Njoo," mzee akamjibu, "nianze na hilo domo."

Wodi nzima tukacheka. Siku hiyo alimaliza uji, kijiko mkono wa kushoto. Irine alipoona bakuli tupu alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Aliporuhusiwa, Loveth alimnunulia boksi zima la glovu. Mzee akamnong'oneza, "Usimwambie mke wa mwanangu ni za nini." Loveth akaahidi. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Hilo nalo lilikuwa daftarini. Irine akaambiwa tu kwamba ni vifaa vya baba, asiviguse. Mimi nikaambiwa, "Babu, ukipita Munisagara, mchungulie."

Nami kwa miguu yangu hii nilianzia Mikumi, nikapanda Vidunda, mvua zikanifunga huko. Nilipofika Munisagara watu walikuwa wameanua matanga juzi yake.

Irine alikuwa jikoni. Boksi la glovu lilikuwa juu ya kichanja, ametia mbegu za bamia.

"Alikula vizuri mwezi mzima na zaidi," akasema. "Halafu akaacha. Nilimpikia kila kitu. Nimeshiba, mwanangu, nimeshiba. Zabron alifika akakuta hata kusema hawezi."

"Boksi liliisha lini?"

Akafikiri. "Wiki ile ile." Akanitazama. "Kwani zilikuwa za nini?"

Nikamwambia. Mzee alikwisha kuzikwa, sikuona tena ninamfichia nani. Irine akakaa chini, pale pale kwenye majivu.

"Mfuko mtupu wa chumvi, wa kuvaa mkononi, ungetosha," akasema. "Ninayo mingi. Ningemwekea mlangoni tu, wala nisingeuliza."

Nilirudi Kilosa kumweleza Loveth. Alinisikiliza amesimama. Sista Teresia alisikia pia, na safari hii hakutania. Alichukua ndoo akatoka.

"Nilimpa glovu mia moja," Loveth akasema. "Siku ambayo zitakwisha sikuiwaza."

Akafungua ukurasa ule, chini ya maswali matatu akaandika la nne: nyumbani nani anajua? Tangu hapo humwuliza kila anayeruhusiwa, na kabla hajaahidi siri ya mtu humwuliza mwenyewe ni nani wa kuambiwa.

Mguu wangu ulikuwa umefunguka tena kwa kutembea. Aliniketisha, akaniuliza yote manne kwa zamu.

"Na nyumbani nani anajua, babu?"

"Sina nyumbani, mjukuu wangu. Natembea."

Alishika kalamu, akaiacha nafasi ya jibu la nne wazi, akaanza kuosha kidonda.